Mama mkwe wangu, mieleka ya kale ya TV na mwanaume wa mask ya kijani: yaliyotokea sebuleni kwetu St Marys

Wakuu, poleni na mihangaiko ya wiki.

Wale mnaofuatilia nyuzi zangu za uchambuzi wa mieleka ya kale mtakuwa mmeona kwamba siku hizi kila nikichambua pambano naweka maneno ya "mchambuzi mwenzangu". Wengi mmeniuliza huyo ni nani. Mmoja akasema lazima ni mzee wa Kizungu aliyewahi kupigana. Mwingine akasema namtunga ili uzi uchangamke.

Simtungi. Ni mama mkwe wangu.

Leo nawasimulia ilivyokuwa. Sijaongeza chumvi, na mke wangu ameusoma huu uzi kabla sijaubandika. Kuna sehemu moja alitaka niifute. Nimeiacha, mtaiona wenyewe.

Kwa wageni, nianze kwa kifupi. Mimi ni Msukuma wa Shinyanga, naishi Sydney, upande wa magharibi, St Marys. Jumatatu mpaka Ijumaa naendesha forklift kwenye warehouse. Mke wangu anaitwa Faida, ni Mkongo wa Uvira, ni nesi kwenye nyumba ya kulelea wazee upande wa Parramatta, na shift zake nyingi ni weekend. Bado hatujajaliwa mtoto.

Hobby yangu ni mieleka ya zamani. Sio hii ya sasa ya mataa na fataki. Naongelea ile ya TV za mikoa, zamani, kabla kampuni kubwa hazijameza kila kitu. Kila mji ulikuwa na kipindi chake, wanamieleka wake na ugomvi wake. Studio ndogo, watazamaji wachache, mabibi wamekaa mbele na mikoba yao, mtangazaji kavaa tai, na katikati ya pambano wanakatisha kutangaza mazulia. Kuna watu huku Australia wanaitunza hiyo mikanda na kuiweka mtandaoni. Mimi Jumamosi naangalia, naandika, naleta humu.

Sasa turudi kwenye mada.

Mama yake Faida alikuja kwetu akitokea Bujumbura, ambako aliishi muda mrefu baada ya vita vya kwao. Faida alikuwa ametangulia huku na shangazi yake, akasoma, akapata kazi, akahangaikia visa ya mama kwa miaka. Siku tuliyompokea airport Faida alilia mpaka watu wakawa wanatupisha njia.

Tukadhani kazi imeisha. Kumbe ndio ilikuwa inaanza.

Wakuu, kwetu Usukumani mama mkwe ni mtu wa kuheshimiwa mpaka basi. Ukikutana naye njiani unapisha. Humpi mkono, hukai naye kiti kimoja, hujiachii mbele yake. Baba yangu mpaka leo akisikia mama mkwe wake anakuja, anavaa shati la mikono mirefu na kutafuta kazi ya kufanya nje.

Sasa mimi nyumba yangu ni unit ya vyumba viwili. Nje ni wapi?

Nikawa nafanya nilichoweza. Mama akiingia sebuleni, natoka. Akija jikoni, naacha chai yangu naenda kukagua gari. Namsalimia shikamoo huku nimeinamisha macho, naye anajibu "Jambo, mukwe", basi, maongezi yameisha. Jumamosi Faida akiwa kazini, nyumba inakuwa kimya kama ofisi siku ya sikukuu. Mama chumbani, mimi sebuleni na headphone, kila mmoja anasikiliza mlango wa mwenzake.

Miezi ikaenda hivyo.

Mama akaanza kunyong'onyea. Hataki kwenda darasa la Kiingereza. Hataki kutoka. Kanisani anaenda, anakaa, anarudi. Akaanza kumwambia Faida kwamba anataka kwenda kuishi Adelaide kwa kaka yake Faida, anaitwa Baraka.

Faida akauliza kwa nini. Mama akasema nyumba yetu haina watu.

"Mama, sisi ni batu gani?" Faida akamuuliza.

Ndipo mama akatoa la moyoni. Akasema, "Bwana yako hanipendi. Nikiingia, anatoka. Hata kuniangalia kwa macho anakataa. Mi nilimufanyia nini?"

Faida aliponieleza nilikaa chini. Heshima yote ile niliyokuwa najipinda nayo, mwenzangu alikuwa anaisoma kama dharau! Kwao mkwe anakaa, anakula, anacheka na mama. Nikamwambia Faida amweleze mila yetu. Akamweleza. Mama akasema sawa, lakini nilimuona usoni haikumwingia. Na mimi nikijaribu kukaa naye, mwili wenyewe unakataa. Natokwa jasho.

Faida akawa katikati. Yule ni mama aliyemhangaikia miaka yote, na sasa anataka kuhama. Kuna asubuhi nilimkuta amekaa kwenye gari na uniform yake, hajawasha, analia. Akaniambia, "Akienda Adelaide nitajua nilishindwa."

Hiyo ndiyo sehemu aliyotaka niifute.

Basi Jumamosi moja, mvua inanyesha, nipo sebuleni nachambua ugomvi wa Headmaster na Kosta. Wa siku nyingi mnaukumbuka, niliuleta humu na ukapata wachangiaji wengi. Kwa wasioufahamu, nauelezea kidogo kwa sababu ndio kiini cha kisa.

Headmaster alikuwa mbaya wa kipindi. Anaingia ulingoni na joho jeusi na fimbo ya mwanzi, anaamuru studio nzima ikae kimya kama darasa. Mabibi wanamzomea, anawaandikia adhabu hewani kwa kidole. Kosta alikuwa kijana wa Kigiriki, mhamiaji, mabega mapana, Kiingereza cha kuokoteza.

Ugomvi ulianza kwenye interview. Mtangazaji anamuuliza Kosta swali, Kosta anajibu kwa shida, Headmaster anaingia. Anamwambia, "Huyu hajui kuongea. Rudia baada yangu: Good afternoon, sir." Kosta kwa adabu zake anarudia. Headmaster anasema hapana, vibaya, nyoosha mkono. Kosta ananyoosha, hajui kinachokuja. Fimbo inatua kiganjani.

Wakuu, muelewe waliokuwa wanaangalia. Sydney ya wakati ule imejaa Wagiriki, Waitaliano, Walebanoni, watu wa viwandani, na kila mmoja kazini kwake kuna mtu kamwambia hajui kuongea. Ile fimbo ilimpiga kila mtu aliyekuwa kwenye kochi siku ile. Kwa maoni yangu ni mwanzo bora wa ugomvi niliowahi kuona. Hakuna aliyerushwa juu ya meza, hakuna damu. Fimbo moja tu, na kila mtu anataka kisasi.

Pambano lao la kwanza lenyewe lilikuwa la taratibu. Kushikana mikono, kuzungukana, Kosta anapata nguvu, Headmaster anakimbilia kamba na kumlalamikia mwamuzi. Mpaka mwishoni, mwamuzi kageuka, Headmaster anaokota kiti nje ya ulingo na kumnyatia Kosta kwa nyuma.

Mimi nina headphone, sikuwa najua kwamba bluetooth imekata na sauti inatoka kwenye TV kwa nguvu zote.

Nikasikia nyuma yangu mtu anapiga kelele:

"Nyuma! We kijana, angalia nyuma!"

Niliruka mpaka remote ikaanguka. Mama mkwe amesimama kwenye mlango wa korido, kitenge kifuani, mkono juu. Kiti kikatua mgongoni kwa Kosta, mama akajishika kichwa.

"Arbitre iko wapi?" akaniuliza mimi, kama vile mimi ndiye niliyemwajiri. "Ule arbitre hana macho?"

Nikasema, "Mwamuzi alikuwa amegeuka, Mama."

"Amegeuka ju ya nini? Kazi yake ni kuangalia!"

Nilishaanza kusimama nitoke zangu, kama kawaida. Miguu ilikuwa tayari. Lakini yeye akaja mbele, akakaa kwenye kochi, macho kwenye TV, akasema, "Rudisha nyuma. Sikuona mwanzo."

Ningefanyaje? Nikachukua kiti cha mezani, nikakiweka karibu na jikoni, mbali kidogo na kochi, nikarudisha mkanda mwanzo.

Hiyo interview ya fimbo sikumtafsiria neno hata moja. Aliielewa yote. Kosta aliponyoosha mkono, mama akasema polepole, "Anamucheka ju ya luga." Fimbo ikatua. Akasonya, sonyo refu la Kikongo, lile linaloanzia tumboni.

Jumamosi iliyofuata sijakaa vizuri, nikasikia mlango wa chumbani. Kaja na chai yake. Kakaa. "Ule mubaya leo iko?"

Nikamwambia yupo.

Ikawa ndio ratiba yetu. Mimi kwenye kiti changu karibu na jikoni, yeye kwenye kochi. Jasho likapungua lenyewe. Hatukuwa tunaangaliana, tulikuwa tunaangalia TV, na kumbe hiyo ndiyo njia. Naweza kuongea na mkwe saa nzima ikiwa sote macho yetu yapo mbele. Wasukuma wenzangu mtanielewa.

Nikawa naandika maneno yake kwenye nyuzi zangu. Mama ana jicho, wakuu. Kuna mpiganaji mmoja alikuwa anasifiwa sana na sisi humu, mzuri, ana nywele, anaruka. Mama akamwangalia dakika chache tu, akasema, "Huyu anapenda kioo kuliko adui yake." Nikaja kuiandika, uzi ukawaka moto, mnakumbuka.

Kilichonishangaza ni kwamba kadiri tulivyoendelea, alianza kumpenda Headmaster. Kosta akipiga, mama anashangilia kidogo. Headmaster akiingia anakaa vizuri.

Tukafika kwenye pambano la mwisho la ule ugomvi. Masharti yake: Kosta akishindwa anahama mji. Headmaster akishindwa, atasimama mbele ya kamera na kusalimia watu kwa Kigiriki.

Naomba niseme kama mchambuzi, sharti kama hilo ni akili kubwa. Hakuna mkanda wa dhahabu, hakuna taji. Ni salamu tu. Na ile studio ilikuwa inatetemeka. Katikati ya pambano Headmaster anamnyanyua Kosta na kumbwaga chini kwa kishindo, mabibi wanapiga mayowe, nami nimeshika shavu ingawa mwisho wake naujua.

Mama akasema, "Simamisha."

Nikasimamisha. Akanyanyuka, akasogea mpaka kwenye TV, akaweka kidole kwenye kioo.

"Unaona mukono yake?"

Nikaangalia. Kiganja cha Headmaster kilikuwa chini ya kisogo cha Kosta. Anambwaga, uso umejaa chuki, na mkono umewahi kichwa kisiguse sakafu.

Wakuu, mimi nimeangalia lile pambano mara nyingi sana. Sijawahi kuona ule mkono.

"Anamulinda," mama akasema. "Ule mubaya ndio anafanya kazi yote. Anamubeba mwenzake kama yayi."

Kwao yayi ni yai.

Nikamuuliza, "Mama, umejuaje hivi vitu?"

Akarudi kwenye kochi. Akakaa, akavuta kitenge magotini. Halafu akasema, bila kunitazama:

"Baba ya Faida alikuwaka catcheur."

Kwa wasiojua, Wakongo mieleka wanaiita catch, na anayepigana ni catcheur. Ni mchezo mkubwa kwao, una ngoma, una madawa ya kienyeji, una vituko.

Sasa muelewe. Baba yake Faida alifariki miaka ya vita, Faida akiwa wa kubebwa mgongoni. Kwenye nyumba yetu kuna picha yake moja tu. Kavaa suti, tai, Biblia mkononi, uso mkavu. Shemasi. Faida amekua akiambiwa baba yako alikuwa mtu wa Mungu, mpole, fundi mwashi, basi. Hana kingine. Akiulizwa baba yake alikuwaje, anaonyesha picha.

Mama akanisimulia. Kabla ya kuwa shemasi, wakiwa wameoana karibuni tu, Jumapili mchana jamaa alikuwa anapigana kwenye kiwanja cha mpira. Alikuwa mbaya. Jina lake la ulingoni ni Mamba ya Ruzizi, huo Ruzizi ni mto wa kwao na una mamba kweli. Alivaa mask ya kijani iliyoshonwa na mama mwenyewe kutoka kwenye pazia, na hakuna mtu mtaani aliyejua ni nani.

"Batu bote balikuwa banamuchukia," mama akasema, na hapo akaanza kucheka. "Banamurushia maganda ya machungwa. Na mi nilikuwa pale katikati, na mimba ya Baraka. Ningenyamaza, bangejua. Basi mi ndio nilikuwa namutukana kupita bote!"

"Ulikuwa unamtukana mumeo?"

"Kabisa! Mwizi! Mamba mubovu! Ananiangalia kupitia mask, namuona macho, anataka kucheka. Tukifika nyumba namukandia mugongo na maji ya moto, anasema, leo ulinitukana muzuri sana."

Wakuu, mama alicheka mpaka akafuta machozi. Sikuwahi kumuona akicheka vile tangu aje. Nilijikuta nacheka naye, na nimegeuza kiti namtazama usoni. Nilikuja kugundua baadaye.

Halafu akatulia. Akaeleza kwamba jamaa alipookoka, mchungaji wao akasema catch ni mambo ya uchawi, shemasi hawezi kuwa na jambo kama lile nyuma yake. Mask ikachomwa. Wakakubaliana wasilizungumze tena. Faida alizaliwa baada ya hapo. Kisha vita ikaja, na baba akaondoka nalo.

"Usiambie Faida," akaniambia. "Ule anajua baba yake ni mutu wa heshima. Nimuharibie ju ya nini?"

Nikasema sawa, Mama.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Faida anapita mbele ya ile picha anafuta vumbi, mimi nageukia dirishani. Nilikuwa nimepata kitu ambacho mke wangu alikitafuta maisha yake yote, na sikuwa na ruhusa ya kumpa. Nilimwambia mama mara moja, kwa upole, kwamba nadhani Faida angefurahi. Akatikisa kichwa.

Jumamosi ikafika. Tunaangalia pambano jingine, nikasema kwa ubishi wa kichambuzi kwamba ile kabari ya shingo aliyopigwa jamaa haiwezi kuwa salama, lazima ilimuumiza.

Mama akasema haiumizi. Nikasema inaumiza.

"Kuja hapa," akasema.

"Mama..."

"Kuja, mukwe. Piga magoti."

Wakuu, mimi Msukuma, mtoto wa yule mzee anayekimbia nje, nikapiga magoti kwenye zulia langu na mama mkwe wangu akanizungushia mkono shingoni. Naomba watu wa kwetu msimwambie baba. Akanibana kichwa ubavuni, akawa ananieleza kwa utulivu kama mtu anayefundisha kusuka: mkono huu unaonekana unakaza, lakini nguvu iko huku begani, wewe ndiye unayepiga kelele, mimi sifanyi kitu. "Sasa lia," akaniamuru.

Nikalia. "Aaaah!"

Mlango ukafunguka.

Faida, kwenye uniform ya kazi, mkoba begani. Kule kazini walikuwa wamezidi wafanyakazi, wakamruhusu aondoke mapema. Anamuona mama yake kamkaba mumewe shingo, mumewe yuko magotini analia.

"MAMA! What are you doing?!"

Mama hakuniachia. Nadhani alisahau. Akageuka na kichwa changu kwapani, akasema, "Namufundisha."

"Unamufundisha nini? Achia! Mulipigana? Honey, are you okay?"

"Niko sawa," nikasema nikiwa kule chini. "Haiumizi. Mama alikuwa sahihi."

Hapo ndipo mama akaniachia. TV inaendelea nyuma yetu, mtu anabwagwa, mabibi wanazomea. Faida anatutazama mmoja baada ya mwingine, anasubiri. Haikuwa yangu kusema.

Mama akaketi kwenye kochi. Akapiga piga nafasi ya pembeni yake.

"Faida, kaa. Nikuambie jambo ya baba yako."

Akamwambia yote. Kiwanja, mask ya pazia, matusi, maji ya moto. Faida mwanzoni alicheka, akadhani ni utani. Halafu akaacha kucheka. Mama alipofika kwenye kuchomwa kwa mask, Faida akanyanyuka, akaenda chumbani, akafunga mlango.

Mama akaniangalia. "Unaona? Nilisema nini? Nimemuharibia."

Tukakaa pale, mimi na mkwe, kwenye kochi moja. Hakuna aliyezima TV. Nikaenda kumchemshia chai, nikaiweka mbele yake, haikuguswa.

Mlango wa chumbani ukafunguka. Faida kabadilisha nguo, macho mekundu, kashika ile picha ya suti na Biblia. Akaja, akakaa chini kwenye zulia, karibu na miguu ya mama yake.

Akauliza, "Alikuwa anaanguka aje?"

Mama hakuelewa. "Nini?"

"Papa. Wakati banamutupa chini. Alikuwa anaanguka aje? Nionyeshe."

Na mama akamwonyesha, wakuu. Kwa mikono tu, mgongo haumruhusu. Kidevu kifuani, mikono inafunguka, inapiga chini pamoja na mgongo ili kishindo kiwe kikubwa na maumivu yawe madogo. Faida akalala kwenye zulia akajaribu. Akajaribu tena. Mtu wa unit ya chini akagonga dari. Tulicheka mpaka tukaishiwa pumzi.

Maswali yakafuata jioni nzima. Alikuwa mrefu kiasi gani kwenye mask? Sauti yake ilikuwaje akitisha watu? Alikuwa anaogopa? Mama anajibu, anakumbuka kingine, anaanza upya. Baraka akapigiwa simu Adelaide, naye akawekwa kwenye speaker, akawa anasema "No way!" kila baada ya sentensi. Mimi nilipika ugali siku ile, hakuna aliyelalamika kwamba umeshika chini.

Baada ya hapo Faida akasikia kwamba kuna kikundi cha mieleka cha vijana wa huku magharibi, wanapigana mchana wa Jumapili kwenye ukumbi mmoja upande wa Penrith. Akasema tunaenda, wote watatu.

Tukaenda baada ya ibada. Mama kavaa kitenge chake kizuri na kilemba. Ukumbi wa kawaida, viti vya plastiki, harufu ya sausage za kuchoma mlangoni. Tukapata viti vya mbele.

Mbaya wao alikuwa kijana mwembamba, nywele kazipaka rangi ya fedha, anaringa. Kama mchambuzi nitasema ukweli, hakuwa mzuri sana, alikuwa na haraka. Pambano lilikuwa linapoa, watu wanaangalia simu.

Mama akasimama.

"We mwizi! Mujinga! Unakimbia nini? Unaanguka kama mufuko ya muhogo!"

Ukumbi mzima ukageuka. Yule kijana akasimama katikati ya ulingo, akamwangalia bibi wa Kiafrika aliyevaa kilemba. Hakuelewa neno, lakini alielewa. Akaja mpaka kwenye kamba, akamuonyesha kidole, akamwambia akae chini. Mama akajibu kwa mkono kiunoni. Watu wakaanza kumshangilia mama. Basi pambano likawaka. Kila yule kijana akifanya hila, anageuka kwanza kumwangalia mama, na mama ana tusi lake tayari. Alipopigwa mwishoni, ukumbi ulilipuka.

Baada ya onyesho watu wanatoka, yule kijana akatufuata, taulo shingoni, jasho linatiririka. Ana uso wa kitoto kabisa ukimwona karibu. Akamwambia mama, "Thank you. You made my match. Seriously."

Faida akatafsiri. Mama akamshika shavu, akasema, "Pole, mutoto. Ulifanya kazi muzuri."

Kijana akauliza kama mama ni shabiki wa siku nyingi.

Nilidhani Faida atasema ndiyo, na tuondoke. Akasimama wima, mkono mmoja begani kwa mama yake, akasema, "My dad used to do this. Back home. He was the bad guy."

"Yeah? What was his name?"

Na Faida akalitamka. Taratibu, kila silabi, "Mamba ya Ruzizi." Halafu akamfafanulia maana yake.

Yule kijana akatikisa kichwa kwa heshima, akasema hilo ni jina zuri kuliko lake. Nilimwangalia mke wangu. Tangu nimfahamu, sikuwahi kumsikia akimwambia mtu asiyemjua jambo lolote linaloanza na "my dad".

Wakuu, huo ndio mkasa.

Kuhusu Adelaide, mama alienda kumtembelea Baraka, akakaa, akarudi. Amesema kule wanaangalia cricket.

Darasa la Kiingereza ameanza, ingawa walimu wanashangaa ni nani aliyemfundisha kusema "Ring the bell!" Mimi bado namwamkia shikamoo nikiwa nimeinamisha macho kidogo, hiyo haitoki. Lakini kiti changu cha karibu na jikoni kimerudi mezani.

Nilichojifunza: heshima ambayo mwenzako haijui haiwezi kumfikia, hata uibebe kwa nguvu kiasi gani. Tafuteni kitu cha kuangalia pamoja, hata kama ni watu wazima wanaobwagana ndani ya chupi. Na hawa wazee wetu, waulizeni ujana wao ulikuwaje, tena waulizeni wakiwa hai. Yapo mambo wanayaficha wakidhani yatatuaibisha, kumbe ndiyo tunayoyahitaji.

Karibuni mchangie. Nyie mnaishi vipi na wakwe nyumba moja, hasa mliooa nje ya kabila? Na wachambuzi wenzangu, rudini kwenye pambano la Headmaster na Kosta mkaangalie ule mkono, mniambie kama nyie mliuona.

Ombi la mwisho ni kwa wenye asili ya Uvira humu ndani. Waulizeni wazazi wenu kama kuna anayemkumbuka Mamba. Lolote: alipigana na nani, alishinda, alipigwa, alichekesha. Mama amejua kwamba naandika. Amekaa hapa pembeni yangu na miwani ya kusomea, hata sijabonyeza kutuma, ameshaniuliza mara mbili:

"Mukwe, banajibu?"